Ameniapia, Ningefanyaje?

Shaaban 20

Nihal amepata kliniki! Vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, mtaa wetu huuhuu hapa Zagazig, na bango limeshaagizwa: Daktari Nihal Fathi, Lishe na Kupunguza Uzito. Bismillahi. Ilinipasa nianze na bismillahi, lakini furaha ilinitoka kabla sijaketi.

Daftari hili kanipa yeye. Kasema, "Mama, andika kila unachokula na kalori zake, kuanzia leo mpaka siku ya ufunguzi." Shule mimi niliishia darasa la sita, lakini mwandiko wangu aliusifu mpaka mkaguzi, kwa hiyo nimekubali. Ufunguzi utakuwa Alhamisi ya kwanza baada ya Idi.

Nilichokula leo: nusu mkate, jibini, yai. Kalori za kawaida.

Pia kabichi za kusokotewa wali ndani, kwa wifi Sawsan, chini. Hizo nilikula nimesimama.

Shaaban 22

Mizani ya Nihal ni ya kioo, imetoka Kairo. Nilipanda, ikaandika kilo mia na nne. Nikamwambia kioo hakina siri, kinasema lolote. Akaniambia nivue bangili nipande tena. Mia na nne. Marehemu mama alikuwa akisema dhahabu nzuri haina uzito, na sasa nimeamini.

Jioni nimekutana na wifi Sawsan kwenye ngazi. Yeye ni dada wa mume wangu, anakaa ghorofa ya chini yetu, na mdomo wake unakaa ghorofa zote. Alikuwa na wanawake wawili wa jengo la pili.

"Mama Nihal, hongera ya kliniki," akasema. "Ila wanasema mganga hajigangi. Siku ya ufunguzi tukuweke wapi, nyuma ya pazia?"

Wakacheka wote. Nikacheka pia, maana ngazi ni yangu pia. Halafu nikasema, "Siku ya ufunguzi nitakuwa na tarakimu mbili."

Sijui ni nani alinisukuma kusema vile. Nimerudi nyumbani nimeketi. Mia na nne ni tarakimu tatu.

Shaaban 25

Nihal kasoma daftari.

"Mama, hapa umeandika 'mguu'. Mguu wa nini?"

"Wa bata."

"Kwa hiyo umekula bata."

"Nimekula mguu. Bata aliliwa na wenye nyumba."

"Kwa nini hukukataa?"

Nikamweleza kwa utaratibu, kwa sababu huyu amekaa sana vitabuni. Mwenye nyumba, wifi Sawsan, aliniapia. Alisema, "Wallahi utakula." Mtu akishakuapia, nawe ukakataa, kiapo chake kimevunjika, na kafara yake ni kulisha masikini kumi. Sisi ni watu wa mkoa wa Sharkia. Sisi ndio watu tunaosimuliwa kwamba garimoshi lilikwama kwetu wakati wa magharibi, tukateremsha abiria wote wakafuturu. Mtu wa Sharkia haulizi kama utakula. Anakuapia. "Sasa wewe ungependa shangazi yako alishe masikini kumi kwa ajili ya mguu mmoja?"

"Masikini kumi wangefurahi," akasema Nihal, akageuza ukurasa.

Ramadhani 1

Tumefunga. Leo hakuna cha kuandika mpaka magharibi.

Baada ya magharibi: tende tatu (sunna), supu (tumbo lilikuwa tupu), kuku, wali, mlenda, kunafa (tambi tamu za samli na shira) kipande cha pembeni. Cha pembeni ni kikavu, samli yote hukimbilia katikati.

Ramadhani 2

Kama jana.

Ramadhani 5

Habari imeenea, na sasa watu wanapanda kwetu baada ya futari kumwuliza daktari wangu bure. Mimi nahudumia chai, naye anaketi pale kwenye kochi la kijani kama kadhi. Alikuwa mtoto wa kuogopa hata kumwagiza mwuza mkate. Sasa watu wazima wanajieleza mbele yake kama wamefumaniwa.

Mmoja kasema yeye hunenepa kwa maji. Wa pili, ni mifupa mizito ya ukoo wao, hata babu yao kaburi lake lilibidi lipanuliwe. Wa tatu kasema ni jicho la watu: alikuwa mwembamba mpaka jirani mmoja alipomsifu. Kuna aliyesema chakula hakiingii mwilini ukila ukiwa umekasirika, na mumewe humkasirisha kila siku wakati wa chakula, sasa imekuwaje? Wifi Sawsan akasema yeye hali kabisa. Yeye huonja tu.

"Unaonja nini, shangazi?" Nihal akauliza.

"Nilichopika."

"Na ukishaonja?"

"Naonja tena. Chumvi haishuki mara moja, mwanangu."

Mume wangu, Baba Nihal, aliyekuwa mkagua tiketi wa reli mpaka alipostaafu, alisikiliza yote kutoka kwenye kiti chake. Wageni walipoondoka akasema, "Nimesafiri miaka yote na watu wasio na tiketi. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri, na kila mmoja alikuwa ndani ya treni."

Nikamwekea kunafa nyingine anyamaze. Akaila.

Ramadhani 12

Mia na tano.

Nimefunga siku kumi na mbili, nimesali tarawehe zote, nimeongezeka kilo moja. Nihal aliangalia mizani, kisha akaniangalia mimi. Nikamwambia swaumu huongeza thawabu, na thawabu zina uzito, wala si mimi niliyesema. Zitapimwa kwenye mizani Siku ya Kiama.

"Hii ya leo ni ya kioo, Mama," akasema.

Ramadhani 13

Leo sikula kunafa. Nilikula katayef, vile vichapati vitamu vya kujazwa, kwa sababu imefungwa na mtu haoni cha ndani.

Ramadhani 19

Nilikuwa kwenye dirisha la jikoni nikisikia wanawake wa jengo la pili wakianua nguo. Mmoja akamwambia mwenzake, "Mimi niende kwa yule msichana? Kama anajua kupunguza watu, angeanza na ghala lililomo ndani mwao."

Ghala ni mimi.

Sikusikitika kwa ajili yangu. Unene wangu niliupata kwa halali, katika nyumba isiyowahi kufunga mlango wakati wa kula. Nilisikitika kwa sababu Nihal alikuwa nyuma yangu akiosha vyombo, na bomba lilikuwa limefungwa.

Akafuta mikono. Akasema, bila hasira, "Nimeshaacha kazi ya hospitali, Mama. Nafasi yangu amepewa mwingine. Mtaa huu usipokuja, sina pa kurudi."

"Watakuja."

"Watakuja kwa sababu gani?"

Nikamwambia amalizie sufuria.

Ramadhani 23

Nihal kapata jibu mwenyewe. Kila nyumba hapa hutengeneza kaki za Idi, zile za mviringo zenye samli na asali ndani na sukari ya unga juu kama chokaa mpya, na kila nyumba hupelekea nyingine. Yeye anataka atengeneze kaki za rejimu, yaani za watu wanaopunguza uzito. Unga wa shayiri, mafuta kidogo, na utamu wa duka la dawa, ule usio sukari. Kila sahani itakuwa na kikadi: Zawadi ya Daktari Nihal. Kalori sitini kwa moja.

"Watu wataona kwamba mtu anaweza kula na akapungua," akasema. Macho yalimng'aa. "Hata Ami Shawki mwenye sukari ataweza kula moja siku ya Idi kama wengine. Moja, Mama."

Ami Shawki ni mpiga pasi wetu, duka lake liko chini kabisa, chini ya baraza yetu ya ghorofani. Kila Idi hutazama sahani zikipita kama mtu anayetazama harusi za wenzake.

Nikamwambia ni wazo la daktari kweli. Nilikuwa sijauona unga.

Ramadhani 25

Nimeuona unga.

Asubuhi tulikanda pamoja. Halafu Nihal akaenda kliniki kumsimamia mpaka rangi, akaniachia trei nizipeleke kwenye tanuri la mtaa. Akasema, "Mama, usiongeze kitu." Nikasema, "Niongeze nini?" Hilo lilikuwa swali tu.

Mpishi anaruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi hata akiwa na swaumu, ila ateme. Nilionja. Kutema hakukuwa na tabu yoyote. Ule haukuwa unga wa kaki, ulikuwa mchanga uliomwagiwa dawa ya kikohozi. Ukiubana unapasuka, ukiuacha unalala. Nikafikiria sahani zile zikiingia kila nyumba na jina la mwanangu juu. Nikafikiria wifi Sawsan akitafuna, akinyamaza kidogo, kisha akisema, "Mashallah," kwa ile sauti yake. Kaki mbaya husemwa mpaka Idi ya mwaka mwingine. Kuna bibi mmoja mtaani amekufa zamani na kaki zake bado zinachekesha watu.

Nilianza na kijiko kimoja cha samli, unga ushikane tu. Ukashikana. Ukapendeza. Basi nikauonea huruma, nikaongeza. Unga ukifika pale huomba wenyewe. Nikaongeza unga mweupe maana samli ilizidi. Ndani nikatia asali, kwa sababu kaki isiyo na kitu ndani ni kama nyumba isiyo na watu. Juu sukari ya unga, kidogo, ya kufunika nyufa. Nyufa zilikuwa zimeshaisha lakini mkono ulikuwa umezoea.

Trei moja ndogo niliiacha kama alivyoikanda, nikaiwekea alama ya kijiti cha kibiriti, iwe ya Nihal mwenyewe kuonja. Sikutaka ashtuke.

Kwenye tanuri wanawake walisimama wakinusa. "Hizi ndizo za rejimu?" Nikasema ndizo. Sikuapa. Nilihakikisha sikuapa.

Ramadhani 26

Nihal alionja moja ya zile zake baada ya magharibi. Alitafuna kama anayetafuna mkeka mpya. Akasema, "Si mbaya, Mama. Si mbaya kabisa." Namjua mwanangu, anajipa moyo. Nikamkumbatia.

Ramadhani 29

Tumefunga sahani utepe wa kijani. Nihal kafunga mwenyewe kila moja, na vikadi vyake vya kalori sitini, kwa mwandiko wa mama yake. Huo karithi kwangu.

Shawwal 1. Idi

Sijawahi kuiona Idi kama hii na nimeona nyingi.

Kuanzia swala ilipotoka, mlango wetu haukufungwa. Wanawake wa jengo la pili walipanda wenyewe, wale wale wa ghala, wakauliza kama zimebaki. Kila mtu kaki mkononi na sukari mdomoni. "Sitini tu!" "Mimi nimekula tano, ni kama sijala!" "Nimeacha chakula cha mchana, nimekula hizi tu, nahisi suruali imelegea." Mmoja akasema sayansi imefika mbali sana. Wifi Sawsan alikula saba akihesabu kwa sauti, sitini, mia na ishirini, mia na themanini, mpaka hesabu ikamshinda akasema, "Basi, zote hizo hazifiki sahani moja ya kabichi zangu, Mama Nihal," na akamshika Nihal kidevu. "Mwanangu, niandike. Mimi wa kwanza."

Watu kumi na mmoja wamejiandikisha kwa siku ya ufunguzi. Nihal alikuwa mwekundu kama komamanga. Akaninong'oneza, "Mama, mbona wanazipenda hivi? Zangu zilikuwa kavu." Nikasema, "Mkono wa mpishi huujui wewe."

Adhuhuri nikatoka barazani. Ami Shawki alikuwa kwenye kiti mlangoni mwa duka lake na kanzu mpya. Nikatia sahani nzima kwenye kikapu, nikamteremshia kwa kamba.

Akachungulia ndani, akaangalia juu. "Mama Nihal, Mungu akubariki, lakini sukari yangu..."

"Ni za daktari, Ami! Soma karatasi."

"Basi nichukue moja."

"Moja ya nini? Leo Idi."

"Daktari wangu alisema..."

"Daktari wako ni nani mbele ya Nihal? Wallahi utakula zote, na sahani uirudishe kesho."

Akacheka, akaweka mkono kifuani. Mtu ameapiwa, angefanyaje.

Nilichokula: kaki. Sikuhesabu. Mimi najua zilivyo.

Shawwal 2

Nimeketi kuandika baada ya alasiri. Nitaandika yote kwa mpangilio, kwa kuwa nimeambiwa niandike kila kitu.

Asubuhi kulikuwa na harufu ya kitambaa kinachoungua. Nikadhani ni jiko langu. Kabla sijafika jikoni nilisikia sauti ya wifi Sawsan kutoka chini, si ile ya ngazini, sauti nyingine: "Shawki! Shawki, amka!" Nikatoka barazani. Moshi ulikuwa unatoka dukani kwake. Wifi, mwenye magoti mabovu kuliko yangu, alikuwa ameshafika chini bila viatu. Alimkuta Ami ameinamia meza ya pasi, na pasi imetoboa shati jeupe la bwana harusi wa mtu mpaka kwenye mbao.

Hakuwa amekufa. Alikuwa akizungumza kama mtu aliye ndani ya mtungi, na anaomba maji, maji. Baba Nihal na kijana wa duka la dawa wakamweka kwenye kiti, wakamchoma kidole. Kile kifaa cha kupima sukari kiliandika mia tano na kitu. Yule kijana akasema, "Huyu amekula nini?"

Ami Shawki akafumbua jicho moja, akasema, "Kaki za rejimu. Ameniapia."

Mtaa mzima ulisikia. Nikasikia hata kamba ya kikapu ikigonga ukuta.

Nihal alikwenda naye hospitali, ileile aliyoiacha. Wifi alikwenda pia, bado bila viatu. Nilimtupia vyangu kutoka juu. Mimi nilibaki. Walipoondoka ikaanza: mara mlango unagongwa, mara simu. Binti wa mwenye vitambaa alikuja kumfutia mama yake jina. Wanawake wa jengo la pili walifuta mawili kwa mpigo kutoka dirishani. "Kalori sitini!" mmoja akasema. "Kalori sitini imempeleka mtu hospitali!" Hata wifi alipiga simu kutoka hospitali afutwe. Adhuhuri ilipoadhiniwa, kati ya watu kumi na mmoja alikuwa amebaki mmoja, na huyo alikuwa safarini.

Nihal alirudi alasiri. Ami ametundikiwa maji, sukari inashuka, watamwachia keshokutwa. Hakulia. Ningependa angelia, kilio najua pa kukishikia. Alikaa meza ya jikoni na karatasi ya mapishi yake, akipitisha kidole mstari kwa mstari.

"Shayiri siyo," akajisemea. "Utamu wa dawa haupandishi sukari. Hata angekula kumi. Haiwezekani, Mama. Kuna kitu nimekosea na sikijui. Kama sikijui, sistahili kufungua."

Nikasema labda alikula kitu kingine.

"Nimemwuliza. Anasema hakula kingine siku nzima, alikuwa akiogopa kiapo chako kisije kikavunjika." Akaweka kidole tena mstari wa kwanza. "Nitampigia mwenye vyumba vya kliniki kesho. Bango lisije."

Hapo nilikuwa na sababu nyingi na zote nzuri. Kwamba unga ulikuwa haushikani. Kwamba nilionja nikatema. Kwamba sikuapa kwenye tanuri. Kwamba kila mama angefanya. Zilisimama mstari mmoja nyuma ya meno yangu, na nilikumbuka wale watu kwenye kochi la kijani, wa maji na wa mifupa na wa jicho, na Baba Nihal na treni yake.

Nikasema, "Samli. Na asali. Na sukari juu."

Akainua kichwa.

"Kiasi gani?"

"Mpaka zikawa kaki."

"Na ile niliyoonja?"

"Ile nilikuachia."

Baba Nihal alikuwa mlangoni na kikombe chake, akarudi nyuma taratibu kama mtu aliyekosea behewa. Kisha Nihal akakunja karatasi ya mapishi, akaikunja tena, akaiweka mfukoni. Aliponiangalia sikumwona yule wa kuogopa mwuza mkate. Hivi nadhani ndivyo anavyowaangalia wagonjwa. Hawachukii. Anawaangalia tu mpaka wamalize.

"Mama," akasema, "wallahi utawaambia mwenyewe. Mtaa wote, kwa sauti yako. Na wallahi siku ya ufunguzi utapanda mizani mbele ya wote."

"Nihal! Ungeniambia tu, ya nini kuniapia?"

"Ningekuambia ungenipa sababu," akasema. "Nimekuapia. Sasa utafanyaje?"

Akaenda kusali.

Shawwal 3

Nimesema.

Nilingoja alasiri, wakati kila mtu yuko barazani na chai. Nilivaa gauni langu la Idi, kwani nilidhani mtu akiaibika aaibike amevaa vizuri. Nikashika chuma cha baraza.

"Enyi watu!" nikasema. "Zile kaki nimeziharibu mimi! Daktari alizikanda za dawa, mimi nikatia samli! Nikatia asali! Nikatia sukari! Yeye hakujua, wallahi hakujua!"

Hii ndiyo wallahi ya kwanza niliyoisema mwaka huu bila kumlisha mtu.

Wa kwanza kujibu ni wale wa jengo la pili: "Samli kiasi gani?"

"Kopo!"

"Lote?"

"Lilibaki la kupaka trei!"

Mtu akaguna. Mwingine akasema, "Mimi nilikula tisa, mama yangu!" na mwanamume mmoja wa ghorofa ya tatu akasema, "Nilisema mimi, nikasema kaki za rejimu haziwezi kuwa tamu, mke wangu akaniita mjinga!" Wakaanza kubishana juu na chini nani alikuwa amejua. Ilibainika kwamba wote walikuwa wamejua. Kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kutosema.

Kisha ikapanda sauti ya wifi Sawsan kutoka baraza ya chini yangu. Sikuweza kumwona, niliona mkono wake tu na kijiko cha chai.

"Mama Nihal!"

"Naam, wifi."

"Nilikula saba."

"Najua."

"Nikijua ni samli. Samli yako nimeila miaka thelathini, nitaikosaje?" Kijiko kikazunguka kwenye glasi. "Nilitaka tu mtu aniambie sitini."

Halafu akasema kwa sauti ya kusikiwa na jengo la pili, "Daktari anayemsimamisha mama yake barazani namna hii hatanionea haya mimi. Nihal! Jina langu lirudishe!"

Huyu mwanamke nimemsema vibaya katika kurasa za mwanzo. Sifuti, maana niliandika kwa wino, lakini aliyeshuka ngazi bila viatu ni yeye na si mimi.

Shawwal 4

Ami Shawki amerudi. Anatembea polepole. Nimeteremka kwa miguu kumwomba radhi. Akaniambia, "Mama Nihal, nisamehe wewe. Mwaka wa kwanza nimekula kaki tangu nipate sukari. Nilijua kwa ile ya kwanza."

"Sasa mbona hukuacha?"

Akatazama meza yake ya pasi, penye alama nyeusi ya umbo la pasi. "Uliniapia," akasema, na tukacheka mpaka ikabidi aketi. Nimelipa shati la bwana harusi. Tena nimemwambia Ami kwamba kuanzia sasa nikimwapia asinijali, masikini kumi nitawalisha mimi.

Shawwal 5

Asubuhi kikapu kilitikiswa kamba. Sahani kwetu hairudi tupu, hata ya mgonjwa. Nilivuta juu: sahani yangu, safi, na ndani matango mawili na figili zenye majani yake. Juu ya matango ile karatasi ya Nihal, kalori sitini, imefutwa sitini kwa kalamu, imeandikwa thelathini na alama ya kuuliza. Nihal aliiona akacheka mara ya kwanza tangu Idi. Ameibandika ukutani kliniki, karibu na shahada.

Majina yamerudi, na zaidi. Wa jengo la pili wanne. Wanasema wanakuja kwa matibabu. Nadhani wanne hao wanakuja kuniona nikipanda kile kioo, na wifi ameshaahidi kutoa viti vyake wakae vizuri. Waje tu. Mwanangu kasema ataanzia nami, awaonyeshe mtu anaanzaje. Bango limefika na herufi zake zinaonekana mpaka kituo cha treni. Nimekwenda mpaka kule kuhakikisha.

Leo mizani: mia na nne na nusu. Tarakimu tatu.

Nilichokula leo: mkate robo, maharagwe, matango yote mawili, figili. Na kipande cha kunafa cha katikati, nikiwa nimeketi, hakuna aliyeniapia.

Ufunguzi ni keshokutwa, Alhamisi, baada ya magharibi, ili waliofunga zile saumu sita za sunna za Shawwal wapate kufuturu kwanza. Waje wote.